Sabuni Inapogoma Kukauka

Sabuni ya nazi iliyomwagwa wakati wa masika, pwani nzima ikiwa na unyevu, haikauki kama ile ya Julai. Vipande vinatoa jasho, vinanata, na mtengenezaji anaanza kufikiria kuvitupa. Usivitupe. Nyingi huokoka, mradi ujue kwanza kinachozisumbua: maji, mafuta au kostiki.

Anza na yale matone. Vaa glavu, yafute kwa karatasi nyeupe, kisha iache ikauke. Doa likitoweka, ni maji tu, kwa sababu gliserini iliyomo ndani ya sabuni huvuta unyevu wa hewani. Panga vipande kwenye chanja, kivulini, penye upepo, visigusane, na uvigeuze kila baada ya siku chache. Juani usivipeleke: nje hukauka kabla ya ndani, vikapasuka. Doa likibaki na karatasi iking'aa, ni mafuta ambayo hayakupata kostiki ya kutosha.

Unga mweupe juu ya sabuni usikutishe. Mara nyingi ni kostiki kidogo iliyokutana na hewa ikageuka kuwa jamii ya magadi, na kitambaa chenye maji kinaufuta. Hata hivyo pima. Lowesha kidole, sugua sabuni, kisha gusa kidogo ncha ya ulimi. Ladha ya sabuni ni sawa. Ukihisi mchomo kama wa umeme, suuza mdomo. Kostiki imezidi, na sabuni hiyo isimguse mtu, mtoto ndiyo kabisa.

Chanzo ninachokiona sana ni kubadilisha mafuta bila kubadilisha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula takriban gramu 183 za kostiki safi. Ya mawese hula 141 tu. Mafuta ya nazi yakipanda bei, mtu ananunua mawese na kubaki na kipimo chake cha zamani, tuseme gramu 174. Gramu 33 zinabaki zikichoma. Dawa yake ni kuongeza gramu 300 za mawese kwa kila kilo ya awali: zitaimaliza kostiki yote na kuacha mafuta kidogo ya kulainisha ngozi.

Vaa glavu na miwani. Kwangua vipande vyote, tia kwenye chombo cha chuma cha pua. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini, kwa hiyo hapa usikisie. Weka chombo hicho ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, nyunyizia vijiko vichache vya maji, funika. Ikishalainika, mimina mafuta yaliyopashwa moto, ukoroge polepole, na uendelee kuipika hadi iwe uji mzito unaong'aa. Ikipoa kidogo, rudia kipimo cha ulimi kabla ya kuishindilia kwenye kalibu.

Ikiwa mafuta ndiyo yaliyozidi, pika vivyo hivyo, lakini kostiki uongeze tu kama hesabu yako inakuonyesha kiasi kilichopungua, na iwe imeyeyushwa: kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Sabuni yenye madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha haiponi, ifulie matambara.

Iliyopikwa upya iache chanjani wiki mbili au zaidi. Pima kipande kimoja kwenye mizani kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka, funga na uuze.