Pancha Ikikupata Kisimayu: Mwongozo kwa Madereva wa Bajaji, Pikapu na Mabasi Madogo

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha kwa ajili ya riziki katika mji wa Kisimayu na viunga vyake: waendesha bajaji, madereva wa pikapu za samaki na barafu, wa mabasi madogo ya abiria, pamoja na matingo wao. Unaeleza namna ya kupata msaada tairi linapoisha upepo njiani. Dereva wa Nairobi aliye mwanachama wa chama cha magari hupiga namba moja akaletewa gari la huduma. Dereva wa Kisimayu hutegemea watu anaowajua kwa majina: fundi wa mtaani, dereva mwenzake, mwenye duka jirani, askari wa kizuizini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelekezo haya inahusu namna ya kushughulika na watu hao, na sehemu ndogo tu inahusu jeki na spana.

Pa kusimama

Ukihisi usukani unavuta upande mmoja, au ukasikia tairi linapigapiga chini, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, washa taa za dharura, uache gari lipunguze mwendo lenyewe.

Vitabu vingi vya udereva humwagiza dereva atoke kabisa barabarani, asogee pembeni kadiri nafasi inavyoruhusu. Agizo hilo linafaa Mombasa, linafaa Dubai, na ndani ya mji wa Kisimayu pia linafaa. Ukishapita vizuizi vya mwisho, iwe unaelekea Goobweyn na Jamaame au Afmadow na Dhobley, liweke kando. Huko ukingo wa barabara ndiko mabomu hutegwa. Baki kwenye alama za magurudumu ya magari yaliyotangulia, hata kama utawabana wanaokuja nyuma. Usiingie kichakani kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu wala kujisaidia. Ukiona waya, dumu, au udongo uliofukuliwa karibuni, acha kazi ya tairi, rudini kwa kukanyaga njia mliyojia, na mjulishe kizuizi kilicho karibu. Safari za nje ya mji zifanywe na magari mawili au zaidi, na mapema mchana, ili pancha moja isikuweke njiani usiku.

Ndani ya mji, hatari ya kusimama ni ndogo kuliko hatari ya kusimama peke yako. Jivute polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea, hadi penye duka, msikiti au kituo cha mafuta. Tairi huenda likaharibika kabisa kwa kukokotwa hivyo, na ringi ikapinda. Vumilia. Ringi hununuliwa.

Gari lisiachwe peke yake

Huenda sharti hili halimo katika miongozo ya miji mingine, lakini hapa lina uzito kuliko yote. Hoteli ya Asasey ilishambuliwa Julai 2019, na hoteli ya Tawakal Oktoba 2022. Mashambulizi yote mawili yalianza na gari lililojazwa mabomu. Tangu hapo, gari lililosimama bila mtu mbele ya hoteli, ofisi ya serikali au kambi halichukuliwi kuwa gari bovu. Ikiwa huna utingo na lazima ulipeleke tairi kwa fundi, mwombe mwenye duka au mzee wa mtaa akae na gari, mweleze shida yako mbele ya watu, umwachie na namba ya simu. Ukiwa karibu na lango la jengo linalolindwa, nenda kwanza kwa walinzi. Fungua buti mbele yao waone spea na jeki, ndipo uanze kazi. Wakikuambia usogee, sogea, hata kama tairi limelala kabisa.

Kwenye kizuizi utaratibu ni huohuo, ila kwa tahadhari zaidi. Askari akikuona unainama na kutoa chuma chini ya kiti hawezi kujua kwamba ni spana. Zima injini, teremka mikono yako ikionekana, salimu kwa sauti, sema una pancha, kisha omba ruhusa. Usiku washa taa ya ndani ya gari. Ukisikia msafara wa kijeshi unakuja, acha kila kitu, simama mbali na gari mahali unapoonekana, na usipige simu mpaka msafara upite.

Upande wa kushoto ndio wa hatari

Somalia magari hupita kulia, lakini mengi ya magari tunayoendesha yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako hupita kushoto. Dereva anakaa upande wa ukingo wa barabara, na abiria wa mbele anakaa upande wa magari yanayopita. Baya zaidi ni mabasi madogo ya zamani yenye mlango mmoja tu wa kuteleza: mlango huo uko kushoto, na abiria wakiufungua kwa haraka wanamwagikia katikati ya njia. Utingo ateremke kwanza, asimame nyuma ya gari akiyapungia yanayokuja, ndipo afungue. Wateremshe kwanza wazee, wenye watoto na wajawazito, na uwapeleke kivulini.

Ikiwa tairi lililokufa ni la kushoto, fundi atakuwa amewapa magari mgongo. Weka alama hatua thelathini au zaidi nyuma yako: pembetatu ya tahadhari kama unayo, au dumu la njano na tawi la mti. Mawe yatumike kwa sharti kwamba yataondolewa baadaye. Jiwe lililosahauliwa barabarani usiku huu litampasulia mwenzako tairi kesho.

Mzigo kwanza, tairi baadaye

Wengi huanza na jeki. Mwenye pikapu ya samaki aanze na simu. Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na mashua zikishusha samaki na kamba kwa wingi kutoka visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, mzigo ni mkubwa na joto ni kali; barafu haingoji fundi. Mpigie mwenye mali papo hapo, mwambie ukweli kuhusu mahali ulipo na muda unaokisia, na umwachie yeye aamue kama mzigo uhamishwe. Dereva anayeficha pancha kwa kutumaini itazibwa upesi ndiye anayelaumiwa samaki wakiharibika, hata kama tairi halikuwa lake.

Mzigo ukihamishwa, hesabuni makasha mbele ya pande zote mbili. Ukibaki, ufunikwe kwa turubai lililoloweshwa, na gari lisiinuliwe kwa jeki likiwa limejaa juu ya mchanga. Abiria wanaokwenda bandarini kuwahi mashua nao wapewe bajaji nyingine mara moja. Maji yakianza kupwa nahodha haongezi dakika, na mtu wa visiwani akikosa chombo leo huenda akalala mjini kwa gharama yake. Mrudishie sehemu ya nauli inayolingana na safari iliyobaki bila kungoja akuombe.

Kumwita fundi

Ukipiga simu, usimwambie fundi "njoo haraka" ukakata. Mtajie mtaa, kama ni Calanley, Farjano, Faanoole au Guulwade, kisha alama inayoonekana: msikiti gani, kisima gani, upande gani wa duka. Mtajie aina ya chombo, tairi lipi, kama lina tyubu au halina, na kama unayo spea. Kwa maelezo hayo atajua kama abebe pampu tu au na viraka, au kama ni afadhali umpelekee gurudumu. Kwa fundi asiyesema Kiswahili, maneno mawili ya Kisomali yanatosha: taayir (tairi) na banjar (pancha).

Salamu isirukwe kwa sababu ya haraka. Fundi mtu mzima aitwe ami au mzee, kijana aitwe fundi. Atakayepigiwa kelele leo hatakuja kesho. Mkubaliane bei kabla ya nati kufunguliwa, mkitaja wazi kama ni pamoja na kuja, kuziba na kujaza upepo. Malipo mengi ya mjini hupita kwa simu, kwa EVC Plus, na hesabu huwa kwa dola, basi isomeni namba mara mbili na msiachane kabla ujumbe wa kuthibitisha haujaingia kwenye simu zote mbili. Aliyekusukumia gari au aliyekulindia mzigo naye apewe chochote. Si lazima ziwe fedha. Samaki wawili pia ni shukrani.

Kubadilisha mwenyewe

Legeza nati kabla ya kuinua gari, gurudumu likiwa bado linagusa chini. Chumvi ya bahari huzila nati za magari yanayoshinda bandarini na ufukweni. Nati ikikataa, ongeza urefu wa spana kwa bomba, usipige kwa nyundo. Chini ya jeki weka ubao mpana na mnene, kwani mchanga wa Kisimayu hauna msingi na jeki huzama upande mmoja. Zuia gurudumu la upande wa pili, funga breki ya mkono, na mtu yeyote asiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Nati zirudishwe kwa kukaza za pande zinazokabiliana, zamu kwa zamu, kisha zikazwe kwa nguvu gari likishateremshwa.

Bajaji watu huilaza ubavuni kwa mikono, na ni njia ya haraka, ila ina masharti. Injini izimwe, abiria wote washuke, asivute mtu sigara karibu kwa sababu mafuta huweza kumwagika, na chini pawekwe jiwe au gogo la kuizuia isirudi. Jambo la kukumbuka zaidi: ringi ya bajaji ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nati. Anayezifungua nati hizo tairi likiwa na upepo anaweza kuvunjwa mkono au kupoteza jicho. Toa upepo wote kwanza. Kwa malori yenye ringi ya pete hatari ni kubwa zaidi. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye kizimba au minyororo, na asiwepo mtu mbele ya gurudumu linapojazwa.

Kuisimamia kazi ya fundi

Sababu ya pancha itafutwe kabla ya tundu kuzibwa. Miiba ya mathenge, mti ambao Wasomali huuita garanwaa, hupenya mpira na kuvunjikia ndani. Misumari midogo hudondoka panapokarabatiwa mashua. Fundi akiziba tyubu bila kupapasa tairi kwa ndani, kwa kitambaa na si kwa kidole kitupu, mwiba utabaki na pancha itarudi kabla ya jioni. Tyubu ikishajazwa izamishwe majini uone mapovu yamekoma.

Tairi lisilo na tyubu huzibwa upesi kwa kusokomeza kamba ya mpira kwenye tundu. Kwa tundu dogo la katikati ya sehemu inayokanyaga chini, lisilozidi milimita 6, njia hiyo inakufikisha. Baadaye livuliwe na kuwekwa kiraka kwa ndani. Tundu au mpasuko wa ubavuni hauzibwi, hata fundi akiapa. Kwa bajaji au gari la abiria, tairi la namna hiyo halina kazi tena.

Tairi la mtumba likikaguliwa kwa macho tu, unene wa meno hudanganya. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa na nyufa ndogondogo ubavuni, jua na chumvi vimeshalimaliza hata kama meno yapo. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango au kitabu cha chombo. Mchana tairi la moto huonyesha upepo mwingi. Ukiupunguza, usiku litakuwa chini ya kiwango, na kesho yake litapasuka kwa mzigo.

Cha kubeba

Spea yenye upepo, jeki, spana inayolingana na nati zako, ubao, bomba, pampu ya mkono, tochi, glavu, maji ya kunywa, kamba na turubai. Mwenye bajaji abebe pia tyubu nzima, kwa kuwa tyubu mpya hutiwa upesi kuliko kiraka kukauka. Namba za mafundi wawili, za madereva watatu na ya mwenye mali ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya gari. Simu huisha chaji.

Baada ya kubadilisha, endesha kama kilomita 50, kisha kaza nati upya. Spea nyembamba ina kikomo cha mwendo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi kilomita 80 kwa saa, na haifai kwa gari lenye mzigo isipokuwa kufika kwa fundi. Tairi lililozibwa lirudishwe mahali pa spea siku hiyohiyo, na mwenye gari aarifiwe ni tairi lipi limetiwa kiraka na lini.