Nondo Mgeni Katika Mabua ya Mahindi

Wakulima wengi hutambua kwamba mahindi yana adui wakati jani la katikati limekwisha kukauka. Hapo dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi, maana yumo ndani ya bua. Basi yafaa kila mkulima ayajue maisha yake tangu mwanzo.

Katika nchi za baridi kama Nyeri, funza wa mabua walio wengi ni wenyeji wa Afrika. Lakini chini ya Mlima Kenya, katika nchi za joto kama Mbeere na Tharaka, yuko mgeni kutoka Asia, ambaye wataalamu humwita Chilo partellus. Katika bara la Afrika alionekana kwanza Malawi, mwaka 1930.

Nondo huyu ni mdogo, mwenye rangi ya majani makavu, naye huruka usiku. Jike hutaga mayai juu ya jani, yakipangwa kama magamba ya samaki. Baada ya siku 4 hadi 10 hutoka viwavi wadogo, nao huingia katika moyo wa mmea na kula majani machanga. Wakisha kukua kidogo hutoboa bua. Kiwavi hula kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha hugeuka pupa, asiyekula wala kutembea. Baada ya siku 5 hadi 12 hutoka nondo mpya.

Wakati wa kiangazi kiwavi aweza kulala ndani ya bua kavu kwa miezi mingi, akingoja mvua. Kwa hiyo bua lililoachwa shambani ni nyumba yake.

Mwaka 1993 wataalamu wa kituo cha ICIPE walileta pwani ya Kenya nyigu mdogo kutoka Pakistan, awe adui wa funza huyu. Nyigu huingia katika tundu la bua na kutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Watoto wake humla hata afe. Nyigu huyo hamdhuru mtu.

Lakini nyigu peke yake hatoshi. Kagua moyo wa mahindi kila juma yangali machanga. Ukisha kuvuna, mabua wape ng'ombe, au yakatekate uyafukie. Tena shaurianeni na jirani zenu, kwa kuwa nondo hajui mpaka wa shamba.