Somo: Simu inaleta mununuzi, ukweli unamubakisha

Ndugu wanachama,

Tangu kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ndugu zetu wakimbizi wa Burundi, tunalima na kuuza pamoja. Leo simu inatuunganisha pia na wanunuzi wa Baraka na Uvira. Lakini kuwa na namba ya mutu si kuwa na mutu. Tufanye hivi:

1. Muhogo ukiwa magunia 10, tuseme 10. Tusiseme 15 ili gari ije.

2. Mvua ikiharibu barabara, ao muhogo haujakauka, tupige simu mbele ya mununuzi kutoka kwake. Kubipu tu haitoshi.

3. Mapatano ya kukodi shamba kati ya mwenyeji na mukimbizi yaandikwe mbele ya mashahidi: mipaka, bei, siku ya kurudisha. Kila mumoja abaki na karatasi yake. Mwenye shamba asilirudishe mbele ya mavuno.

4. Mwenzetu akifiwa, tufike kwake. Ujumbe wa simu hauchoti maji, haupiki.

Mununuzi akidanganywa na mumoja wetu, gari yake itapita Lusenda bila kusimama, na muhogo wa sisi wote utabaki.