MSINGI WA NYUMBA: TAZAMA CHINI KABLA YA KUTOA MALI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Somo la Ijumaa hii ni juu ya mtu anayetaka kununua nyumba ya zamani hapa Bukavu. Usiseme kwamba hayo ni mambo ya masoni, si ya msikiti. Mtu anatoa dola alizoziweka miaka mingi, pengine na urithi wa yatima umo ndani yake. Kisha analaza watoto chini ya bati lile. Ukuta ukipasuka mvua za kwanza, mnunuzi na muuzaji wanaletwa mbele ya walimu wakiwa maadui, na jana walikuwa wanaswali safu moja. Basi tujifunze kabla ya ugomvi.

1. MFANO WA QURANI

Katika Surat At-Tawba, aya ya 109, Mwenyezi Mungu anapiga mfano wa watu wawili. Mmoja ameweka jengo lake juu ya ucha Mungu na radhi Zake. Wa pili amelijenga ukingoni mwa korongo linalomomonyoka, likaporomoka naye katika moto. Wafasiri wanaeleza kwamba ukingo huo ni ule ambao maji yamekula chini yake: juu unaonekana ardhi nzima, chini ni tupu.

Aya ile imeshuka juu ya msikiti wa wanafiki, na maana yake kubwa ni nia ya moyo. Lakini mtu wa Bukavu anaielewa kwa macho. Mji wetu uko juu ya milima ya udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukinywa maji unavimba na kulainika, kiangazi unakauka na kupasuka. Korongo zetu zinakula kila msimu wa mvua. Kwa hiyo anayenunua nyumba hapa anunue kwanza ardhi kwa macho yake, halafu kuta.

2. JUU KUKAVU, CHINI KUBICHI

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kibichi juu ili watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika watu wake.

Ndugu yangu, tazama jambo hili vizuri. Mtume hakutosheka na kutazama juu ya lundo. Aliingiza mkono. Na nyumba nyingi zinazouzwa ni kama lundo lile: rangi mpya juu, maji chini. Rangi na krepi si ushahidi. Nyumba iliyopakwa rangi mwezi wa saba na kuuzwa mwezi wa nane haijaonana na mvua. Ukiweza, itazame kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa tano, tena siku mvua inaponyesha.

3. NAMNA YA KUINGIZA MKONO

Anza mbali. Kabla ya kuingia parseli, simama barabarani utazame mlima wote. Je, miti imepinda shina? Nguzo za umeme zimelala upande mmoja? Ukuta wa kuzuia udongo umevimba tumbo? Nyumba za majirani zina nyufa zinazofanana? Kama ni hivyo, si nyumba inayougua, ni ardhi inayotembea. Sote tunajua habari ya Funu, ambako mlima unateremka polepole tangu miaka mingi na nyumba zinakwenda nao. Wachunguzi waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani kwa miaka kama 70 wameona mwendo ule ukiongezeka kadiri mji ulivyojengwa juu yake. Hapo hakuna sima itakayosaidia. Ondoka, hata kama bei ni rahisi.

Fuata maji. Maji ya bati yanaanguka wapi? Yakianguka mguuni mwa ukuta miaka 40, yamechimba. Tazama kama mawe ya msingi yamebaki wazi na udongo umeondoka. Tazama shimo la choo liko umbali gani na ukuta, na bomba linalovuja. Chumvi nyeupe na alama ya unyevu chini ya ukuta ni habari ya maji yanayopanda. Nyumba ya matofali mabichi inahitaji uangalifu zaidi, maana mguu wake ukiloa unarudi kuwa tope.

Soma nyufa. Si kila ufa ni msiba. Nyufa nyembamba kama nywele, zinazokaa katika krepi tu, mara nyingi ni krepi iliyokauka haraka. Ogopa ufa unaoshuka kama ngazi kati ya matofali, unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, wenye upana wa milimita 5 au zaidi. Ukiwa mpana juu kuliko chini karibu na pembe, mara nyingi pembe ile inashuka. Ufa wa zamani una vumbi na utando wa buibui. Ufa mpya kingo zake ni kali na safi. Ufa uliozibwa kisha ukafunguka tena unasema wenyewe kwamba nyumba haijatulia.

Uliza pia habari ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008, siku tetemeko lilipotikisa Bukavu na Cyangugu ya Rwanda. Nyumba iliyokuwapo siku ile, wazee wa mtaa wanajua ilivyotoka. Waulize wao, usimwulize muuzaji peke yake.

Weka shahidi. Mafundi wana njia nzuri: wanapaka bonge dogo la plasta kukatiza ufa na kuandika tarehe juu yake. Kwa kifaransa wanaliita temwe, yaani shahidi. Baada ya wiki kadhaa za mvua, likiwa limepasuka, ukuta unatembea. Likibaki zima, ni habari njema, ila shahidi wa kiangazi hatoshi.

Milango na sakafu. Fungua kila mlango na kila dirisha. Mlango uliorandwa juu ili ufunge unaeleza kwamba fremu imepinda. Weka mpira mdogo wa watoto chini uone unakwenda wapi, au fundi apime kwa mpira wa nivo wenye maji. Kama aliyekaa mbele ameongeza etaji, uliza: msingi uliwekwa kwa ajili ya nyumba ya chini na bati, nani aliuongezea nguvu?

Chimba. Mwisho omba ruhusa kuchimba shimo dogo kwenye pembe inayotia shaka, mpaka uone mwisho wa msingi. Usipite chini yake, na shimo lizibwe siku ile ile. Utaona mawe yameshikana au yamemwagwa tu. Kwaruza sima kwa msumari: ikitoka kama mchanga, ni dhaifu. Tazama msingi umekalia udongo mgumu, au takataka na udongo wa kujazia. Muuzaji akikataa shimo la saa mbili katika nyumba ya maelfu ya dola, amekwisha kukujibu.

Fundi huyo umlete wewe, umlipe wewe, iwe umenunua au umeacha. Fundi aliyeletwa na komisioneri anangoja kula pamoja naye.

4. HUKUMU YA AIBU ILIYOFICHWA

Muuzaji anayejua aibu ya nyumba ni wajibu aitaje. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) tunafundishwa kwamba wauzianaji wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa katika biashara yao; wakificha na kusema uongo, baraka inafutwa. Neno la kwenye karatasi kwamba nyumba inauzwa kama ilivyo halimwokoi, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu aliyeijua aibu akaificha.

Mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyopunguza thamani, ana haki ya kurudisha nyumba na kupewa mali yake. Lakini asikilize: haki hiyo inataka haraka. Akijua, akanyamaza bila udhuru na kuendelea kukaa, haki inaanguka. Na aibu aliyoiona mwenyewe kabla ya kununua, akaridhika nayo, hana neno juu yake. Kwa hiyo mnapopatana, andikeni nyufa zote zilizoonekana, mbele ya mashahidi wawili.

5. KUAMUA

Msingi uliochimbwa na maji mahali pamoja unaweza kutengenezwa: maji yageuzwe, kanivo ijengwe, msingi uongezwe kipande kwa kipande, si ukuta mzima kwa mara moja. Gharama hiyo iondoe katika bei, na muuzaji aliyesema kweli usimdhulumu kwa sababu ya ukweli wake. Ardhi inayotembea, iache.

Kisha swali Istikhara. Istikhara ni baada ya kutazama na kuuliza, si badala yake.

Na wewe unayeuza, kumbuka kwamba mnunuzi asipouona ufa, Mwenyezi Mungu ameuona. Dola zilizopatikana kwa krepi ya kuficha ni jengo la ukingo wa korongo.

Ee Mola wetu, tupe nyumba zenye usalama na mali ya halali, utuepushe na kudanganya na kudanganywa, uwahifadhi watoto wetu wakati wa mvua. Amin.

Wabillahi tawfiq.