Boriti ya bembea: angalia mbao kabla ya kamba

Wengi mna paina, mkaratusi au grevilea shambani, na shule zikifungwa watoto wanadai bembea. Kamba haisumbui, ikilika unaiona. Mtihani ni ile boriti ya juu iliyolala, maana ikivunjika inamwangukia mtoto kichwani.

Tuanze na mzigo. Mtoto wa kilo 30 akipanda mpaka kamba ikalala usawa wa ardhi, anapopita chini boriti inavutwa kama imebeba kilo 90. Ni mara tatu ya uzito wake. Na tusidanganyane, jioni watu wazima nao watapanda.

Watu hukimbilia mbao ya nne kwa nne wakidhani unene ndiyo nguvu. Lakini mbili kwa sita ukiisimamisha, ule upana wa inchi 6 ukawa wima, inabeba zaidi kidogo kuliko nne kwa nne, tena imetumia mti mchache. Ukiilaza bapa, nguvu yake inashuka hadi theluthi. Kwa nafasi ya futi 8 chukua mbili kwa sita mbili, zibane pamoja kwa bolti, zisimame zote. Mwenye mkaratusi wake anaweza kutumia nguzo nzima ya mviringo ya inchi 6, ila aikaushe kivulini taratibu na kupaka rangi kwenye ncha, la sivyo itapasuka.

Ukifika kwa muuza mbao usione aibu kupekua. Boriti ikielemewa, upande wa chini unavutika na wa juu unabanwa. Kwa hiyo fundo kubwa, pale tawi lilipotokea, likiwa katikati ya boriti kwenye ukingo wa chini, ndipo itakapoanzia kukatika. Geuza ukingo msafi uwe chini. Fuata nyuzi kwa macho: zikikimbia mshazari na kutokea ubavuni, iache hiyo mbao hata kama bei ni nzuri. Yenye moyo wa mti ndani yake nayo iache, hupasuka ikikauka.

Tundu la bolti ya kuning'inizia litobolewe katikati ya kimo cha mbao, siyo karibu na ukingo wa chini. Bolti ipenye hadi upande wa pili, iwe na washa na nati.

Oili chafu ya gari usipake, mikono ya watoto inafika kila mahali. Mbao za dawa ya kijani yenye arseniki pia sishauri. Marekani viwanda viliacha kuzitengenezea viwanja vya watoto mwishoni mwa 2003. Boriti haigusi udongo, kipande cha bati juu yake kinatosha kuzuia mvua.

Kabla mtoto hajapanda, ning'iniza magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kwa saa nzima. Ukisikia mlio wa kukatika, shusha. Mvua zikiisha, choma kwa kisu pale boriti inapokalia miguu. Kisu kikizama kirahisi, badilisha.