Sola ya Lipa Pole Pole: Piga Hesabu Kwanza

Stima nyingi ya Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo wa Marsabit na jua. Lakini ziko nyumba na maduka ambayo laini haijafika. Hapo ndipo sola na simu yako zinasaidiana.

Unalipa deposit, unaenda na mtambo, kisha unatuma pesa kidogo kila siku kwa simu. Malipo yakiingia, mtambo unafunguka. Yakikosa, unajifunga. Ukimaliza deni, ni wako.

Tuchukue mfano: deposit Sh3,000, halafu Sh50 kwa siku 400. Jumla ni Sh23,000. Sasa uliza bei ya keshi ya mtambo kama huo. Tofauti ndiyo gharama ya mkopo.

Kabla ya kukubali, uliza pia:
1. Waranti ni ya muda gani?
2. Nikikosa kulipa wiki moja, itakuwaje?

Kama wewe ni kinyozi na taa inakuletea wateja wawili zaidi jioni, hiyo Sh50 inajilipa. Uchumi wa nchi hukua hivyo, duka moja baada ya lingine. Lakini hesabu ianze kwako.