Kupanda au kupandishwa? Somo la unyambulishaji katika kisa cha mrushaji wa besiboli

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, kila mmoja wetu aliombwa kuchagua kisa cha kweli kutoka nchi ya mbali na kukisimulia kwa Kiswahili mbele ya wenzake kwa dakika kumi. Nilichagua kisa cha Jim Morris, mwalimu wa Texas aliyeingia katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani akiwa na umri wa miaka 35. Nilidhani ugumu ungekuwa katika majina ya vifaa vya mchezo. Nilikosea. Gongo ni gongo na mpira ni mpira. Kilichoniangusha ni kitenzi kimoja ambacho hata mtoto anakijua: kupanda. Katika makala haya nataka kueleza kosa langu, kwa sababu naamini wengi wetu hulifanya bila kujua.

1. Kisa kwa ufupi

Katika besiboli, mrushaji husimama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji mwenye gongo na kumrushia mpira. Mrushaji mwenye nguvu huufanya mpira ufike kabla ya nusu sekunde kupita. Kazi hiyo huuchosha sana mkono, na wengi huumia bega au kiwiko.

Jim Morris, arushaye kwa mkono wa kushoto, alizaliwa mwaka 1964. Mwaka 1983 alichaguliwa na timu ya Milwaukee Brewers, akapelekwa katika timu za chini ili akomae. Hakukomaa. Mkono uliumia, akafanyiwa upasuaji, akaachwa. Alirudi kwao, akawa mwalimu wa sayansi na kocha wa vijana katika shule ya sekondari huko Big Lake, mji mdogo wa Texas.

Mwaka 1999 aliwekeana ahadi na vijana wake: wakitwaa ubingwa wa wilaya, yeye atakwenda kujaribiwa tena. Vijana wakashinda. Mwalimu hakuweza kurudi nyuma. Katika majaribio ya timu ya Tampa Bay Devil Rays alirusha mpira kwa maili 98 kwa saa, yaani kilomita 158 hivi, kasi ambayo hakuwa nayo hata alipokuwa kijana. Alipewa mkataba, akapelekwa Orlando, kisha Durham. Tarehe 18 Septemba 1999, mjini Arlington, katika jimbo lake la Texas, aliingia uwanjani dhidi ya Texas Rangers na kumtoa Royce Clayton kwa marusho manne.

2. Kosa langu

Katika tafsiri yangu ya kwanza niliandika hivi: «Morris alipanda kutoka ligi daraja la pili hadi Ligi Kuu.» Sentensi haina kosa la sarufi. Lakini nilipomaliza kusoma, mwenzetu mmoja wa safu ya pili aliinua mkono: «Na timu ya Durham, nayo ilipanda? Kama mrushaji wake alikuwa hodari hivyo, mbona ilibaki chini?»

Darasa lilicheka. Mimi sikuwa na jibu. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na aliyelisababisha ni mimi. Msomaji wa kwetu akisikia «daraja la pili» anafikiria kandanda. Timu ya mkoa ikishinda, inaweza kupanda hadi kufikia Linafoot, ikishindwa, inashuka. Timu hupanda na kushuka na wachezaji wake, na mashabiki wake wote nyuma.

Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Timu kama Durham Bulls ina uhusiano na timu moja ya Ligi Kuu, ambayo ndiyo inayoamua ni nani acheze Durham na ni nani aondoke. Durham hata ikishinda mechi zote, ushindi huo hauifikishi Ligi Kuu. Anayekwenda juu ni mchezaji peke yake, tena hakwendi mwenyewe: anaitwa. Siku ya kuitwa, anafunga mizigo yake na kuwaacha wenzake palepale, pengine katikati ya mashindano ambayo wao bado wanayapigania.

Kwa hiyo nililiacha neno «daraja la pili» na kuandika «timu tanzu», kwa kufuata mfano wa «kampuni tanzu». Tanzu ni tawi la mti: halikui likawa shina. Neno hilo peke yake lingejibu swali la mwenzetu kabla hajaliuliza.

3. Kupokea zamu

Ugumu wa pili ulikuwa jina la kazi yake. Morris hakuwa mrushaji anayeanza mechi, bali yule anayeingia baadaye, mwenzake anapochoka au anapozidiwa. Niliandika kwanza «mrushaji wa akiba». Hapa tena kandanda ilinidanganya. Mchezaji wa akiba ni yule ambaye hakupata nafasi. Lakini huyu wa besiboli ana kazi yake maalumu na huajiriwa kwa ajili yake. Mara nyingi huitwa wakati mambo yameharibika, arekebishe kosa ambalo si lake.

Neno nililipata nyumbani. Shangazi alikuwa anaingia na beseni kichwani, mama akamwambia mdogo wangu: «Kimbia, umpokee shangazi mzigo.» Kupokea, katika matumizi hayo, si kupewa zawadi. Ni kuuchukua uzito kutoka kwa aliyechoka, kabla haujaanguka. Walinzi na wauguzi nao husema «kupokea zamu». Nikaandika: «mrushaji mpokea zamu». Tangu hapo hakuna aliyeniuliza kazi yake ni nini.

4. Nani anatenda?

Sasa turudi kwenye kitenzi. Tumefundishwa kwamba kutoka mzizi mmoja tunapata panda, pandisha, pandishwa. Katika mtihani tunaandika: kutenda, kutendesha, kutendeshwa, na tunapewa alama. Lakini viambishi hivyo vinabeba habari ya mamlaka. Anayepanda ana nguvu miguuni mwake. Anayepandishwa, nguvu iko katika mkono wa mwingine, na mkono huohuo unaweza kumshusha.

Nilichukua kalamu nikaorodhesha vitenzi vyote ambavyo Morris ndiye kiima chake. Vya kutendwa vilijaa ukurasa: alichaguliwa, alipelekwa, alifanyiwa upasuaji, aliachwa, alijaribiwa, alipewa mkataba, aliitwa, alipandishwa. Vya kutenda vyenye uzito vilikuwa vitatu tu: alifundisha, aliahidi, alirusha.

Hapo ndipo nilipoielewa njia yake ndefu. Tafsiri yangu ya kwanza ilimfanya shujaa anayepanda mlima kwa juhudi zake, na wasikilizaji walipenda. Lakini haikuwa kweli. Kati ya mwaka 1983 na 1999, mambo mengi yaliamuliwa na watu wengine na kwa mkono wake mwenyewe uliomsaliti. Juhudi yake ilikaa ndani ya vitenzi vile vitatu, na viwili kati yake, alifundisha na aliahidi, havihusiani na Ligi Kuu hata kidogo. Bila hivyo, cha tatu kisingerudi.

Mwisho wake pia unahitaji kauli ya kutendwa. Morris alicheza mechi 21 tu katika Ligi Kuu. Mwezi Mei 2000 alirusha mara ya mwisho, mkono ukauma tena, na mwaka huohuo akaachwa na timu. Mfasiri anayeandika «alipanda hadi kileleni» hana pa kumweka msomaji siku ile Morris aliposhushwa. Aliyeandika «alipandishwa» ameshamwandaa.

5. Hitimisho

Sisemi kwamba kauli ya kutenda ni mbaya. Nasema kwamba kila tunapotafsiri safari ya mtu, iwe ya mchezaji, ya mwanasiasa au ya mkimbizi, tujiulize kwa kila kitenzi: nguvu iko kwa nani? Kiswahili kinatupa viambishi vya kulijibu swali hilo kwa silabi moja. Tusipovitumia, tunawapa watu uwezo ambao hawakuwa nao, au tunawanyang'anya ule mdogo waliokuwa nao.

Nilirudia zoezi mbele ya darasa baada ya wiki mbili. Safari hii mwenzetu wa safu ya pili hakuuliza juu ya Durham. Inafaa mjue kwamba mimi nilifundisha shule ya sekondari miaka saba kabla ya kurudi kukaa kwenye viti vya wanafunzi, na wenzangu huniita Mzee. Akaniuliza: «Na wewe, Mzee, ulipanda au ulipandishwa?» Nilifikiri kidogo, nikamjibu: «Niliomba. Nikakubaliwa.» Mwalimu aliandika vitenzi hivyo viwili ubaoni, akapiga mstari chini ya kiambishi cha cha pili.

Zoezi: Chukua habari moja ya gazeti kuhusu mtu aliyepata cheo. Orodhesha vitenzi vyote ambavyo mtu huyo ni kiima chake, katika safu mbili: kutenda na kutendwa. Kisha iandike upya habari hiyo bila kubadilisha tukio lolote, ila kauli za vitenzi tu. Mwisho eleza ni ipi kati ya habari hizo mbili iliyo ya kweli zaidi, na kwa nini.